Namna ya Kueleza Usichokielewa: Mwongozo wa Kusoma Maandishi Magumu kwa Mkazi wa Mombasa Bara

Mwongozo huu umekusudiwa msomaji wa kawaida wa Likoni, Kisauni na Changamwe ambaye, awe mwanafunzi wa kidato cha nne mbele ya shairi la kale, mzazi mbele ya barua ya afisi ya ardhi, au mgonjwa mbele ya karatasi ya dawa, hufika mahali ambapo macho yanaendelea kusoma ilhali maana imekatika. Hauahidi kwamba msomaji ataelewa kila kitu, jambo ambalo hata wanazuoni hawalipati. Unaahidi tu kwamba ataweza kusema kwa usahihi ni nini hakukielewa, ili anayeulizwa apate pa kuanzia.

KWA NINI "SIELEWI" HAITOSHI

Neno "sielewi" likisemwa peke yake humpa anayeulizwa kazi isiyo na mwanzo. Huenda msomaji hajui maana ya neno moja. Huenda maneno yote anayajua lakini hakuona nani alimtenda nani. Huenda sentensi yote ameielewa na asijue inamzungumzia nani. Na huenda hayo yote yako wazi kwake na bado asijue mwandishi anataka nini. Kwa kuwa anayeulizwa hana njia ya kujua yaliyo kichwani mwa mwenzake, hufanya mojawapo ya mambo mawili: huyasoma maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, au hutoa maelezo marefu juu ya jambo zima, na tatizo lenyewe hubaki palepale. Ukali wa walimu na makarani ambao watu wengi huulalamikia mara nyingi huanzia hapo, maana aliyeeleza mara tatu jambo ambalo hakuulizwa huchoka kama binadamu mwingine yeyote.

Sababu ya pili inatokana na mahali penyewe. Kiswahili kinachosomwa katika bara ya Mombasa kina asili nyingi: Kimvita cha washairi wa kale, Kiswahili sanifu cha vitabu vya shule, Kiswahili cha afisini ambacho aghalabu kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na kile cha mitaani, nao wasomaji wenyewe wamelelewa katika Kidigo, Kigiriama, Kitaita, Kikamba, Kijaluo na lugha nyinginezo. Neno ambalo mzee wa Kisauni hulitumia kila siku laweza kuwa geni kabisa kwa kijana aliyekulia Magongo, na istilahi ambayo kijana huyo ameizoea shuleni ikawa fumbo kwa mzee, bila ya yeyote kati yao kuwa na upungufu wa akili.

Sababu ya tatu ni hasara. Shairi lisiloeleweka humkosesha mwanafunzi alama, lakini mkataba usioeleweka huweza kumkosesha mtu nyumba.

Linabaki suala la aibu. Adabu ya pwani humtaka mdogo asimkate mkubwa kauli, na wengi huona kwamba kuuliza mbele za watu ni kumvunjia mwalimu heshima au kujivunjia wenyewe. Adabu hiyo haina haja ya kuachwa. Kinachohitajika ni maneno ya kuulizia yanayoihifadhi, nayo yametolewa katika kisanduku kilicho mbele.

AINA TANO ZA MKWAMO

Katika mwongozo huu neno "mkwamo" lina maana ya mahali mahususi katika maandishi ambapo usomaji husimama, pawe pana neno moja, kiambishi au ukurasa mzima. Mshororo ufuatao, ambao umetungwa kwa ajili ya mafunzo haya tu na ambao unafuata mizani nane kwa nane kama ilivyo desturi ya tarbia, utatumika kama kielelezo:

    Ndia hino ya mtanga, mato yangu yaikosa

1. Mkwamo wa neno. Maneno "ndia", "hino", "mtanga" na "mato" ni ya Kimvita na lahaja jirani zake, na kwa Kiswahili sanifu ni "njia", "hii", "mchanga" na "macho". Msomaji anayejua kwamba sauti /nj/ ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa /nd/ katika Kimvita, na kwamba /ch/ mara nyingi huwa /t/, huyafungua maneno mengi bila kumwuliza mtu. Neno geni, hata hivyo, si hatari sana, kwa sababu ugeni wake huonekana. Hatari kubwa iko katika neno linalofanana na lile ambalo msomaji analijua. Kitenzi "kuteka", kwa mfano, humfikirisha msomaji wa Kiswahili sanifu kuchota maji au kumchukua mtu kwa nguvu, ilhali kwa Kimvita huweza kuwa ni "kucheka" tu, na shairi la furaha likageuka shairi la vita kwa sababu ya herufi moja. Vivyo hivyo, tahajia ya kawaida haitofautishi "paa" la nyumba na "paa" mnyama, ambayo wenyeji wa pwani huyatenganisha kwa pumzi inayotoka pamoja na /p/ ya neno la pili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981, ni msaada mkubwa, lakini haikukusudiwa kuwa kamusi ya lahaja. Msomaji asiyelipata neno humo asihitimishe kwamba neno hilo halipo.

2. Mkwamo wa muundo. Hapa maneno yote yanajulikana na uhusiano wao haujulikani. Katika ushairi husababishwa na ule uhuru wa mshairi ambao wanafunzi huujua kwa majina ya inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, mazda, yaani kulirefusha, na kuboronga sarufi, yaani kupangua utaratibu wa maneno. Katika hati za afisini husababishwa na urefu wa sentensi na, zaidi ya hapo, na vitenzi vya kutendwa ambavyo vinaficha mtendaji.

3. Mkwamo wa rejeleo. Rejeleo ni kile kitu, mtu au tukio ambalo neno linaelekeza kwalo. Msomaji anayekuta katika maandishi ya kale kwamba watu wa Changamwe walikubaliana jambo na watu wa Kilindini na Tangana, naye yuaishi Changamwe ya leo yenye viwanda na malori, ataelewa kila neno na kukosa maana, mpaka aelezwe kwamba hayo ni majina ya makundi matatu ya Waswahili wa Mombasa yaitwayo Thelatha Taifa, ambayo pamoja na Tisa Taifa hukamilisha mataifa kumi na mawili ya mji huo. Kamusi haimsaidii mtu katika mkwamo wa aina hii. Anayemsaidia ni mtu anayeijua historia.

4. Mkwamo wa kusudi. Kila kitu kimeeleweka isipokuwa sababu ya kusemwa. Katika mshororo wa kielelezo, msomaji akishajua kwamba macho hayaioni njia ya mchanga, bado atabaki kujiuliza ni njia gani, na kama ni njia kweli. Ushairi wa Mombasa umejaa mafumbo ya makusudi. Muyaka bin Haji, aliyezaliwa takriban mwaka wa 1776 na kufariki takriban 1840, alitunga wakati Mazrui, watawala wa Mombasa, walipokuwa wakishindana na Sultani Seyyid Said, aliyeutwaa mji mwaka wa 1837, na beti nyingi zinazoonekana kuzungumzia vyombo vya bahari, nyumba au mapenzi zinahitaji kusomwa kwa jicho la siasa hiyo. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa 1973, akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, *Kenya: Twendapi?*, na anayelisoma shairi lake la "Mamba" bila kulijua hilo atabaki na mnyama wa mtoni peke yake. Ni muhimu msomaji afahamu kwamba katika mkwamo wa kusudi kutatizika kwake huenda ndiko hasa kulikotakiwa na mtunzi, na kwamba kusema "naona hapa pamefumbwa, ila sijui kimefumbwa nini" ni hatua ya ufahamu iliyo kamili.

5. Mkwamo wa nakala. Wakati mwingine msomaji hana kosa na mwandishi hana kosa. Karatasi ndiyo mbovu. Ukurasa umepotea, fotokopi imekata ukingo, au tafsiri imeruka mstari. Hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zina tatizo lao maalumu: mwandiko huo una alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo alama moja husimamia /i/ na /e/, nyingine /u/ na /o/, na herufi ya "ba" katika mwandiko wa zamani huweza kusomwa /b/, /p/ au /mb/. Wasomaji wawili wenye elimu sawa huweza kulitamka neno moja kwa namna mbili, na wote wakawa na hoja.

MFANO WA KUIGWA

Mashairi ya Muyaka yamefika mikononi mwa wasomaji wa leo kwa sababu kuna watu waliokubali kuandika wasichokijua. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akafanya kazi pamoja na mmisionari William Ernest Taylor, ambaye aliyahamisha katika herufi za Kirumi na kuyawekea maelezo aliyopewa na wenyeji juu ya maneno, watu na matukio. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London. William Hichens akachapisha *Diwani ya Muyaka* huko Johannesburg mwaka wa 1940, naye Mohamed Abdulaziz akatoa mwaka wa 1979 kitabu chake kinachoyaeleza mashairi hayo pamoja na zama zake.

Jambo la kuzingatia kwa mwongozo huu ni aina ya maswali yaliyokuwa nyuma ya kazi hiyo. Maelezo ya namna ile hayapatikani kwa kumwambia mwenyeji kwamba shairi ni gumu. Hupatikana kwa kuulizia neno hili, mtu huyu, siku ile. Mgeni aliyekuwa na elimu ya chuo alilazimika kukaa mbele ya mwalimu wa Mombasa na kuuliza, na hakuna anayemhesabu kuwa mjinga kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa Mtongwe au Mlaleo ana haki ileile, na zaidi yake ana bahati ya kuishi karibu na wenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

1. Msomaji asome maandishi yote hadi mwisho mara moja bila kusimama, akiwa na penseli mkononi, na kila anapokwama apige mstari chini tu na kuendelea. Mikwamo mingi ya mwanzo hufunguliwa na sentensi inayofuata, na anayesimama katika kila neno huusahau mwanzo kabla hajafika mwisho.

2. Arudie, safari hii akiandika kila ubeti au kila aya kwa maneno yake mwenyewe ya kawaida. Katika mtihani wa fasihi zoezi hili huitwa kuandika kwa lugha ya nathari au tutumbi, na wanafunzi wengi hulichukulia kuwa swali la kutafutia alama. Kwa hakika ni kipimo. Mahali ambapo tutumbi inakataa kuandikika ndipo penye mkwamo, na hapo aache pengo lenye ukubwa wa kile kinachokosekana badala ya kulijaza kwa neno la kubahatisha.

3. Kando ya kila pengo aandike aina ya mkwamo: neno, muundo, rejeleo, kusudi au nakala. Asipokuwa na hakika, aandike aina mbili. Kazi hii huchukua dakika chache na ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu anayeweza kuutaja mkwamo amekwisha kujua nusu ya jibu.

4. Ajaribu mwenyewe mara moja: kamusi, ukurasa uliotangulia, maelezo ya mwisho wa kitabu. Akipata dhana, aiandike kwa penseli pamoja na alama ya kuuliza, na aandike pia kilichomfanya adhani hivyo.

5. Achague wa kumwuliza kulingana na aina ya mkwamo. Neno la Kimvita aulizwe mzee au bibi wa Kisauni au Mji wa Kale, hata kama hakusoma shule. Muundo aulizwe mwalimu wa Kiswahili. Rejeleo aulizwe anayeijua historia. Herufi za Kiarabu aulizwe maalim wa madrasa aliyezoea maandishi ya zamani, kwani ujuzi wa kusoma Qur'ani peke yake hautoshi kusomea Kiswahili cha kale, ambacho mara nyingi hakikuwekewa alama kwa ukamilifu. Ubovu wa nakala aulizwe mwenye hati ya asili.

6. Aulize kwa sentensi yenye sehemu tatu: mahali, anachokijua, anachokikosa. Mpangilio huu humwonyesha anayeulizwa kwamba kazi imefanywa, na humzuia kueleza yasiyohitajika.

7. Akijibiwa, arudishe jibu kwa maneno yake na kuomba arekebishwe. Kuitikia "haya" au "sawa" hakuthibitishi chochote.

8. Aandike jibu, jina la aliyelitoa na tarehe. Akipewa majibu mawili yanayopingana, ayahifadhi yote mawili. Beti nyingi za kale zina fasiri zaidi ya moja, na daftari linaloonyesha hivyo lina thamani kuliko lile lililochagua upande kwa ajili ya usafi.

┌──────────────────────────
KISANDUKU: MANENO YA KUULIZIA

Kwa mzee: "Shikamoo mzee. Kuna neno limenishinda katika shairi hili, na nimeambiwa wewe ni mwenyewe wa lugha. Hapa pasemwa 'mato'. Nadhani ni macho, lakini sina yakini. Nifahamishe."

Kwa mwalimu: "Mwalimu, katika ubeti wa tatu maneno nayajua yote, ila sikuona ni nani aliyekosa njia, mshairi au mwenziwe. Kiambishi hiki kinamrejelea nani?"

Kwa karani au afisa: "Samahani bwana, aya ya pili imenielea. Iliyonitatiza ni ya tatu: imetaja 'masharti yaliyotangulia' nami sikuyaona katika karatasi niliyopewa. Yako ukurasa gani?"

Kwa muuguzi: "Sista, niruhusu nirudie nilivyofahamu, unirekebishe nikikosea."

Pale haya inapozidi: swali liandikwe kwenye karatasi na kupewa anayeulizwa baada ya watu kuondoka. Hakuna sheria inayodai kwamba mkwamo usemwe kwa sauti.

Viwango vya kutoelewa navyo vitajwe kwa maneno yanayostahili. "Sina yakini" ni kwa aliye na dhana. "Hainielei" ni kwa aliyesoma akarudia. "Limenishinda" ni kwa aliyejaribu njia zote. Anayetumia neno zito kwa mkwamo mdogo hupewa msaada usio kiasi chake.
└──────────────────────────

HATI ZA ARDHI: MAHALI PA HADHARI KUBWA

Katika bara ya Mombasa hakuna maandishi yanayodai umakini kuliko yale yanayohusu nyumba bila ardhi. Kwa utaratibu huu, uliozoeleka Kisauni, Likoni na Changamwe, mtu hujenga na kuimiliki nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mizizi yake ni mirefu: Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani kuyawasilisha ili yaamuliwe, na familia ambazo hazikuwasilisha au ambazo hazikukubaliwa zilijikuta zikiishi juu ya ardhi ambayo kwa maandishi ni ya mwingine. Makubaliano ya nyumba bila ardhi mara nyingi huwa ya mdomo au ya karatasi moja, na kwa hiyo kila neno la karatasi hiyo hubeba mzigo mzito.

Ichukuliwe sentensi ifuatayo, ambayo pia ni ya kutungwa: "Mwenye nyumba ataondoa maendelezo yake ndani ya muda wa notisi, isipokuwa pale yatakapokuwa yametwaliwa kwa mujibu wa masharti yaliyotajwa." Msomaji wa kawaida huisoma, akahisi kwamba kuna jambo la kuhama, na kusema kwamba haielewi. Akifuata hatua zilizoelezwa hapo juu, atapata mambo manne yaliyo wazi. "Maendelezo" ni mkwamo wa neno: je, ni nyumba peke yake, au na choo, kisima na minazi? "Muda wa notisi" ni mkwamo wa rejeleo: ni siku ngapi, na zinahesabiwa tangu lini? "Yametwaliwa" ni mkwamo wa muundo, kwa kuwa kitenzi kimeficha mtwaaji: ni mwenye ardhi, serikali au benki? "Masharti yaliyotajwa" huenda ni mkwamo wa nakala, iwapo karatasi yenye masharti hayo haikuambatanishwa. Na juu ya yote hayo kuna swali la kusudi, ambalo ndilo zito kuliko yote: maendelezo yakitwaliwa, mwenye nyumba atalipwa au hatalipwa? Sentensi haikusema. Ukimya wa hati nao ni wa kuulizia, na msomaji anayedhani kwamba kila swali lake lazima liwe na jibu ndani ya karatasi atauvuka ukimya huo bila kuuona.

ONYO. Saini haitiwi juu ya mkwamo. Mtu akiharakishwa, ajibu kwamba atarudi na karatasi baada ya kusomewa, na akikataliwa kuondoka na nakala, huo wenyewe uwe ushahidi kwake kwamba karatasi ina jambo. Mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi hutakiwa na sheria ya Kenya uwe wa maandishi, wenye saini na shahidi, na shahidi anayefaa ni yule aliyeyafahamu yaliyoandikwa. Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili hupatikana, miongoni mwa mahali pengine, katika afisi ya Kituo cha Sheria iliyopo Mombasa.

Kwa barua za serikali, msomaji ana nguvu ambazo wengi hawazitumii. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, inamtaka afisa amsaidie asiyeweza kuandika, na inaitaka afisi itoe uamuzi ndani ya siku 21. Anayenyimwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala. Inafaa ieleweke kwamba sheria hii hutoa nyaraka na wala haitoi masomo, kwa hiyo ombi la "nielezeni barua hii" hufika mbali kidogo tu, ilhali ombi la "naomba nakala ya ramani iliyotajwa katika aya ya tatu ya barua yenu" lina uzito wa kisheria. Mkwamo ukishatajwa vizuri, huwa umekaribia kuwa ombi rasmi wenyewe. Na anayefikishwa mahakamani kwa shtaka la jinai ana haki, chini ya Kifungu cha 50, ya kupata mkalimani bila malipo asipoielewa lugha inayotumika.

KARATASI YA DAWA

Hapa hakuna nafasi ya kukisia hata kidogo. Maandishi kama "1 × 3" kwa kawaida huwa na maana ya tembe moja mara tatu kwa siku, lakini macho yaliyochoka huweza kuyasoma kama tembe tatu kwa mara moja. Mgonjwa au mwenye kumuuguza asiondoke dirishani, iwe ni katika hospitali ya Port Reitz, ya Likoni au katika duka la dawa la mtaani, kabla ya kurudia kwa mdomo wake kiasi, saa, na kama dawa hunywewa kabla au baada ya chakula.

MAKOSA YANAYOONEKANA MARA KWA MARA

Kosa la kwanza, ambalo ni la wanafunzi hasa, ni kuuficha mkwamo kwa istilahi. Mwanafunzi asiyejua ubeti unasema nini huandika kwamba mshairi ametumia lugha ya kitamathali na taswira, maneno ambayo ni kweli juu ya takriban kila shairi na hayaelezi lolote. Mtahini wa karatasi ya fasihi huyatambua mara moja. Afadhali mwanafunzi atoe fasiri moja iliyo wazi na kuonyesha neno lililomwongoza, hata kama hana yakini.

Kosa la pili ni kumwuliza mtu mmoja kila jambo kwa sababu ni msomi. Wakili anaweza asijue Kimvita, na mzee mwenye Kimvita fasaha anaweza asijue sheria ya ardhi; nao wote wawili, kwa heshima au kwa kujipendekeza, huenda wakajibu tu.

Kosa la tatu ni jipya. Programu za tafsiri na za kujibu maswali zilizo kwenye simu hujibu kwa uhakika uleule zinapojua na zisipojua, na Kimvita cha karne ya 19 ni mahali ambapo hukosea kwa urahisi. Jibu la simu lihesabiwe kuwa dhana ya hatua ya nne, liandikwe kwa penseli, na liwekewe alama ya kuuliza.

Kosa la nne ni kujilaumu mapema. Yako maandishi yaliyoandikwa vibaya, na fomu zilizofasiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno mpaka zikapoteza maana ni nyingi. Msomaji aliyefuata hatua zote, akauliza watu wawili wanaofaa, na wote wakakwama palepale, ana haki ya kusema kwamba sentensi hiyo ndiyo yenye kasoro, na kuirejesha kwa aliyeitoa ili iandikwe upya.

┌──────────────────────────
ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KWENDA KUULIZA

☐ Maandishi yamesomwa hadi mwisho angalau mara mbili.
☐ Kila mkwamo umepigiwa mstari, na ukurasa na aya au ubeti wake umeandikwa.
☐ Aina ya kila mkwamo imetajwa kando.
☐ Dhana za msomaji zimeandikwa kwa penseli, tofauti na majibu aliyopewa.
☐ Maswali yamepangwa kuanzia lile ambalo hasara yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa anayeulizwa huenda akawa na muda wa swali moja tu.
☐ Karatasi zote zimehesabiwa, na kila kiambatisho kilichotajwa kipo au kimeandikwa kuwa hakipo.
☐ Ikiwa ni hati ya kutiwa saini: nafasi ya saini bado iko tupu, na nakala imeachwa nyumbani kwa mtu mwingine.
└──────────────────────────